Pikapu Iliyopondeka Hufufuliwa Kuanzia Chini

Pikapu ya dizeli iliyopata ajali haifi yote. Kebini huweza kubonyea, feni ikaichana rejeta, ekseli ya mbele ikasukumwa nyuma, na bado injini, giaboksi na difu vikawa na miaka ya kazi mbele yake. Ndiyo maana mabaki ya Land Cruiser na Hilux hayakosi mnunuzi Arusha. Land Cruiser pikapu mpya haishikiki chini ya shilingi milioni mia moja, na gari kuukuu linaloagizwa nje hutozwa ushuru zaidi kwa sababu ya umri wake. Mkulima wa Poli anayeshusha ndizi hadi soko la Tengeru, au muuza vifaa vya ujenzi wa Kaloleni, akipiga hesabu huona mkweche uliolala uani kwa mtu una thamani kuliko unavyotazamika. Hesabu hiyo mara nyingi ni sahihi. Kinachokosewa ni mpangilio wa kazi: fedha za mwanzo huishia kwenye injini na rangi, vitu vinavyosikika na kuonekana, kisha chesisi, breki na karatasi vikaachiwa chenji.

Kaloleni ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Kata hiyo iko katikati ya jiji, karibu na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na ndani yake limo jengo ambamo Januari 1967 viongozi wa chama tawala cha TANU walijadili Azimio la Arusha. Sasa ni makumbusho. Siasa ya kujitegemea iliyotoka humo ilikuja kupata watekelezaji ambao hakuna mpango wa serikali uliowataja: mafundi wa chini ya mwembe. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, spea zikawa hadithi, na gari liliendelea kutembea kwa sababu kuna mtu aliyechonga bushi kwa mkono au kuhamisha pampu ya gari moja kwenda jingine. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, magari yaliongezeka, lakini mazoea ya kufufua hayakuondoka.

Utalii ukaongeza ujuzi wa aina nyingine. Arusha ndiyo mlango wa Serengeti, Ngorongoro, Tarangire na Ziwa Manyara, na karakana zake, Hanspaul Automechs ikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi, huchukua Land Cruiser na kuijengea bodi ya watalii yenye paa la kufunguka. Magari mengi ya namna hiyo hurefushwa chesisi ili yachukue abiria zaidi. Kukata chesisi na kuiunga ni kazi ya vipimo, haifanywi kwa macho, na fundi aliyeizoea akihamia gereji ya mtaani Unga Ltd au Ngarenaro huenda nayo. Chuo cha Ufundi Arusha nacho, kilichoanzishwa 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kimekuwa kikitoa mafundi sanifu kwa zaidi ya miaka arobaini. Oktoba 2024, jiji lilipokusanya Land Rover kwa mamia katika tamasha la kusaka rekodi ya dunia, magari ya miongo mitatu na zaidi yaliyosimama kwenye msafara yalionyesha kazi ya mikono hiyo.

Kufufua gari nyumbani, hata hivyo, si kufanya kila kitu nyumbani. Ua unatosha kwa kufungua, kusafisha, kupanga na kufunga. Kazi zinazodai mashine hutoka nje: kuvuta chesisi iliyopinda, kuchonga silinda na krankishafti, kupima pampu na nozeli, kupanga magurudumu. Viwanja vya Kaloleni ni vyembamba na ukuta wa jirani uko karibu, kwa hiyo grainda ya usiku ni ugomvi, na oili chafu iliyomwagwa mferejini huishia Mto Naura au Themi. Oili hiyo ina wanunuzi, wakiwemo wanaoipaka mbao kuzuia mchwa; hakuna sababu ya kuimwaga.

Kabla ya spana ya kwanza huja karatasi. Mabaki hutoka kwa kampuni za bima, kwa watu binafsi, na kwenye minada ya magari chakavu ya serikali, mashirika na miradi, yaani yale yaliyokuwa na namba za STK, SU au DFP. Namba ya chesisi, ambayo kwenye Toyota nyingi imegongwa ubavuni mwa reli ya kulia upande wa mbele, hulinganishwa na kadi herufi kwa herufi, kisha namba ya injini. Reli ikiwa imesagwa, imechomelewa kibati, au herufi hazilingani kwa kimo, gari hilo si la kununua kwa bei yoyote, maana njia moja ya kulisafisha gari la wizi ni kulivisha utambulisho wa gari lililopondeka. Mabaki yasiyo na kadi ni spea tu, na yanunuliwe kwa bei ya spea. Muuzaji anayesema kadi itafuata baadaye apewe muda wa kuifuata, na fedha zibaki mfukoni kwa mnunuzi.

Kosa la pili, la haraka kuliko yote, ni kufunga betri na kupiga stata ili kusikia kama injini ni nzima. Gari lililopinduka na kulala juu chini huvujisha oili kutoka chini ya pistoni kwenda juu yake, au kupitia njia ya hewa. Oili haibanwi. Stata ikizungusha injini katika hali hiyo, kitu cha kwanza kupinda ni mkono wa pistoni, na injini iliyopona kwenye ajali inafia uani. Utaratibu salama ni kufungua nozeli au plagi za kupasha moto, kuzungusha injini kwa spana kwenye puli ya mbele mizunguko miwili kamili, kuacha oili iruke nje, na ndipo stata itumike. Gari lililogongwa usoni lina hatari yake: feni iliyoingia kwenye rejeta huweza kuwa imepinda shafti ya pampu ya maji, na jambo hilo halionekani mpaka feni izungushwe polepole na kutazamwa kwa ubavu.

Baada ya hapo kebini na bodi la nyuma huondolewa, na kazi yenyewe inaanza. Pikapu hubebwa na chesisi ya reli mbili ndefu zilizounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Injini, springi, usukani na kebini vyote hupata nafasi yake kutoka hapo. Chesisi iliyopinda hutembea ikiwa imekaa upande, hula tairi, hupasua kioo cha mbele bila kuguswa, na breki zikikamatwa kwa nguvu huvuta kwenda mahali dereva hajakusudia. Hakuna turbo wala rangi inayotibu hayo.

Kipimo chake hakihitaji mashine ya mamilioni. Chesisi huwekwa juu ya stendi nne imara kwenye sakafu ya saruji, na timazi huning'inizwa kutoka matundu yanayofanana ya kushoto na kulia: mahali pa mikono ya springi, pa kufungia kebini, na mwisho wa reli mbele na nyuma. Kila timazi inapogusa sakafu hutiwa alama ya chaki. Chesisi ikisogezwa kando, sakafuni hubaki ramani yake. Ulalo hupimwa kutoka kushoto mbele kwenda kulia nyuma, na kinyume chake, kwa kila jozi ya alama. Tofauti ya milimita mbili tatu husameheka. Ikikaribia sentimita, reli moja imerudi nyuma au chesisi yote imekaa kama msambamba, na dawa yake ni kuvutwa kwa majeki na minyororo kwenye gereji yenye fremu ya kazi hiyo. Msokoto, yaani pembe moja kuwa juu kuliko nyingine, hauonekani sakafuni. Hutafutwa kwa mpira wa maji wa waashi. Mwashi wa Levolosi na fundi chesisi hutumia kifaa kilekile, na kinafaa.

Kuvuta kuna mipaka. Reli iliyopinda taratibu kwenye urefu wa mita moja hunyooka. Iliyokunjika kona kali imechoka, na hata ikinyooshwa chuma chake hakina tena nguvu ya awali. Wapo wanaoipasha moto mpaka iwe nyekundu ili ilainike. Hiyo ni njia ya kumaliza kazi mchana, na gharama yake huja baadaye, kwa sababu joto hilo hubadilisha chuma, nacho kikipoa hubaki laini mahali palepale panapobeba mzigo. Ufa mdogo hutobolewa tundu mwishoni ili usiendelee, ukachongwa mfereji, ukachomelewa, kisha ukafunikwa kwa bamba la unene wa reli. Bamba hilo hukatwa ncha za mshazari, kwa sababu weldi iliyokatisha reli wima, juu hadi chini, hutengeneza mstari wa kuvunjikia. Kingo za juu na chini za reli hazichomelewi wala kutobolewa. Ndizo zinazobeba mvutano. Vijiti vya kawaida vya namba 6013, vinavyotosha geti na madirisha, si vya kazi hii. Inafaa 7018, iliyokaushwa vizuri, mikononi mwa mtu aliyewahi kuitumia. Na kama gari bado lina umeme wake, waya za betri na alteneta hutolewa kwanza.

Chesisi ikishapona, breki. Mabomba ya chuma yaliyokula kutu hubadilishwa yote, si kipande, na mipira yake pia, kwa sababu mpira wa miaka ishirini huvimba ndani wakati nje unang'aa. Hapa kuna kitu kinachosahaulika karibu kila pikapu inapoongezwa springi. Kwenye Hilux nyingi kuna valvu karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayopima bodi limeshuka kiasi gani. Mzigo ukiwa mwingi bodi hushuka na valvu huruhusu nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari likiinuliwa kwa springi nzito, fimbo husoma kwamba bodi ni tupu hata likiwa na tani ya mahindi, na breki za nyuma hufanya nusu ya kazi. Fimbo hurekebishwa kwa dakika chache. Isiporekebishwa, mteremko wa kutoka Ngorongoro kwenda Karatu utalieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Injini inakuja tatu, na kwa bahati ndiyo inayojulikana zaidi. Pikapu za Land Cruiser zilizozagaa kaskazini zina 1HZ, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, isiyo na turbo, iliyotoka mwaka 1990. Hilux za zamani zina 2L, 3L au 5L, na za baadaye familia ya D-4D, inayoongozwa kwa kompyuta. Hizo za kwanza ni injini za pampu ya mekanika na huvumilia gereji ya uani. Ukanda wa taimingi hubadilishwa hata kama unaonekana mpya, kwa kuwa historia yake haijulikani, na ukikatika pistoni hugonga valvu. Mgandamizo hupimwa kila silinda. Namba ya jumla ina maana, lakini tofauti kati ya silinda na silinda husema zaidi. Silinda zikiwa zimelika, sababu mara nyingi ni vumbi. Vumbi laini la majivu ya volkano kuzunguka Meru hupita kwenye mpira wowote wa njia ya hewa uliochanika, na snokeli iliyofungwa kwa urembo bila kuzibwa viungo vyake haisaidii kitu.

Pampu na nozeli hupelekwa kwa mwenye benchi ya kupimia. Nozeli za injini za zamani hufunguka kwa mgandamizo wa baa 150 hivi; mfumo wa D-4D hufanya kazi kwa zaidi ya baa 1,300, na tone lisiloonekana la dizeli kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Tofauti hii ndiyo inayofaa kumwongoza mnunuzi: mabaki yenye injini ya mekanika yanafufulika mtaani, yenye D-4D yanahitaji kompyuta na fundi wa kompyuta. Dizeli yenyewe ina historia. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa uliwahi kuua pampu nyingi, maana mafuta ya taa hayalainishi. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili mchezo huo usilipe. Tangi la gari lililolala miaka lisiaminiwe kwa hoja hiyo. Lishushwe, lisafishwe, na kichujio chenye kikombe cha kutenga maji kifungwe.

Kuboresha ndipo hamu inapozidi akili, ingawa katika jambo moja Arusha ina sababu ya msingi. Jiji liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 kuliko ya Tanga. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro upungufu unafika asilimia 20. Injini isiyo na turbo hupata hewa pungufu wakati pampu inaendelea kumimina dizeli ileile, na matokeo yake ni moshi mweusi kwenye kila mlima. Wengi hujibu kwa kuongeza dizeli kwenye skrubu ya pampu. Hilo huongeza moshi na joto, na nguvu kidogo sana. Jibu la kwanza ni kupunguza dizeli kidogo ili ilingane na hewa, na la pili, kwa mwenye uwezo, ni turbo.

Turbo kwenye 1HZ inafanyika, na wengi wameifunga. Lakini injini hiyo iliundwa bila turbo, na hedi yake ina chemba ndogo ambamo moto huanzia. Pembezoni mwa chemba hizo ndipo nyufa huanza joto likizidi. Anayefunga turbo bila geji ya joto la moshi anaendesha akiwa amefumba macho. Msukumo ubaki kama nusu baa, joto kabla ya turbo lisikae juu ya nyuzi 700 za Selsiasi, ekzosi iwe pana, rejeta iwe nzima, na oili ibadilishwe mapema kuliko zamani. Anayeona masharti hayo ni mengi abaki na injini ilivyo. Itampeleka polepole na itamrudisha.

Mengine ni madogo kwa umuhimu ingawa ni makubwa kwa macho. Vipande vya springi vikiongezwa, uwezo wa kubeba haupandi, kwa sababu ekseli, beringi, tairi na breki ni vilevile; kilichobadilika ni kwamba gari halionyeshi tena kuwa limezidiwa. Bampa la chuma zito hulinda rejeta dhidi ya ng'ombe na hupeleka kishindo cha ukuta moja kwa moja kwenye chesisi. Tairi kubwa hupunguza nguvu ya gia na kudanganya spidomita. Kubadilisha injini kabisa, kama Land Rover nyingi zilivyovishwa injini za Kijapani, kuna maana pale tu injini mpya inapopatikana nzima na giaboksi yake, mikono ya kufungia na nyaya. Ikija peke yake, fedha itakayotumika kuilazimisha ikae ingeitengeneza ya zamani. Umeme ufumwe upya ukiwa na fyuzi na rilei kwa kila taa ya ziada. Gari lililonusurika ajali halistahili kuungua kwa waya wa redio.

Mwisho wa njia ni mamlaka ya mapato, TRA, na askari. Injini ikibadilishwa, au rangi, au muundo wa bodi, kadi irekebishwe, na bima ikatwe kwa maelezo ya kweli, la sivyo siku ya madai karatasi itazungumzia gari jingine. Ukaguzi wa usalama barabarani, pamoja na ule wa stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama, hulitazama gari likiwa limekamilika: taa, tairi, breki, usukani. Weldi mbovu iliyofunikwa kwa lami chini ya kebini haionekani hapo, na mkaguzi hawezi kulaumiwa kwa kutoiona. Gari lililorekodiwa kuwa limeharibika vibaya lingetakiwa kukaguliwa mara moja zaidi, chesisi ikiwa wazi, kabla ya kebini kurudi. Arusha haikosi watu wa kazi hiyo: Chuo cha Ufundi kipo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari ina utaratibu wa kupima na kuthibitisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Cheti cha vipimo vya chesisi, chenye namba za ulalo na saini ya aliyepima, kingempa mnunuzi wa baadaye kitu cha kusoma zaidi ya mng'ao wa rangi, na kingemwongezea bei muuzaji aliyefanya kazi ya haki.

Pikapu iliyofungwa upya haipewi mzigo kamili siku ya kwanza. Injini iliyochongwa hutembezwa kwa mwendo unaobadilika, bila kuachwa iungurume bure kwa saa nzima, na oili ya kwanza humwagwa baada ya kilomita 1,000 au kabla. Nati za magurudumu na yubolti za springi hukazwa tena baada ya safari za mwanzo, maana vyuma vilivyopakwa rangi hukaa sawa vikishatikiswa. Nusu ya mzigo hutangulia, kwenye barabara ya vumbi na kwenye mteremko, kisha mzigo wote. Katika muda huo bodi hukaa na praima tu, weldi zikioshwa na kutazamwa kwa tochi kila wiki. Ufa mpya huonekana upesi kama mstari wa kutu kwenye praima ya kijivu. Kilomita elfu tatu nne zikipita bila mstari huo, ndipo fundi rangi anapoitwa.